Mkamwana wa Sokoni

Hadi leo nikipita stendi ya Tukuyu mkono wangu unakwenda wenyewe kuushika mkoba kwa nguvu, na miguu inaharakisha kama ya mtu anayeogopa kuachwa na gari. Hakuna gari linaloniacha. Nina chumba changu Msasani, ile ya hapahapa Tukuyu, nina ufunguo, nina hata mlango unaokwama mvua zikizidi. Lakini mwili una ukaidi wake, nao bado unaona aibu ya mambo ambayo mimi najidai nimekwisha kuyamaliza.

Nilikuwa ninalala sokoni. Nasema hivi moja kwa moja, kwa sababu nikianza kuzunguka nitaishia kuandika habari za hali ya hewa. Nililala sokoni msimu mzima wa mvua, na mvua za kwetu anayezijua anazijua, juu ya meza ya saruji ambayo mchana mwanamke mmoja alikuwa anauzia viazi. Alfajiri, kabla mwenye meza hajafika, nilikunja blanketi nikalitia kwenye mkoba mkubwa wa safari, nikanawa uso bombani, nikajifunga khanga vizuri, nikaenda stendi kusimama pamoja na abiria wa Mbeya. Wapiga debe wakiniuliza, "Mama, Mbeya?" nilijibu kwamba namsubiri mtu, na uso nikaukunja kama mtu huyo ananichelewesha kweli. Jua likishapanda kidogo nilirudi sokoni kwa mlango wa mbele, kama mtu aliyetoka kwake, kwenda kuchambua maparachichi ya wafanyabiashara. Akina mama wa pale waliniamkia, "Ugonile?" wakitaka kujua nimelalaje, nami niliitikia kwa sauti nzuri sana. Nadhani wote walijua. Walininyamazia tu, na huruma yao ilinichoma kuliko baridi ya saruji.

Mtu wa mji mkubwa huenda asinielewe. Rungwe si mahali pa kukosa pa kulala. Popote unapotazama ni migomba, kila mgomba una mwenyewe, na kila mwenyewe ana ndugu. Huku mtu akilala nje, watu hawaulizi serikali imefanya nini. Wanauliza yeye amewafanya nini watu wake. Ndiyo maana nilibeba ule mkoba. Afadhali nionekane msafiri asiyesafiri kuliko mtu asiye na kwao.

Kwangu palikuwa Lufingo, nilikoolewa. Sasa, sisi Wanyakyusa tuna jambo letu: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukikutana naye njiani unatoka njiani, unaingia majanini, unachuchumaa umempa mgongo mpaka apite. Huingii nyumba aliyomo, hukai alipokaa, jina lake hulitamki. Yeye naye ana wajibu wake. Akikaribia uani anakohoa, ili umkimbie kwa heshima. Vijana wa siku hizi wanacheka, wengine wanapiga picha na wakwe zao harusini wamekumbatiana. Sisi wa umri wangu tulilelewa hivyo, na sitasema uongo, nilijivunia. Nilikuwa hodari wa kujificha, mama mkwe akinisifu kwa wageni. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake na kwa fimbo yake, niliyoijua kwa kuiona na kwa mlio wake kwenye mawe.

Mume wangu alipofariki, nasi hatukujaliwa mtoto, ukoo ulikaa kikao. Uamuzi niliuletewa jikoni na shemeji yangu: baba anasema nyumba ni ya ukoo, mjane arudi kwao. Nyumba hiyo matofali yake nilikuwa nimeyafyatua mimi na marehemu kwa mikono yetu. Nilitaka kumwuliza mzee kama analijua hilo. Lakini utamwuliza vipi mtu ambaye hata kivuli chake unakikimbia? Alinifukuza bila kuniona, nami niliondoka bila kumjibu, na adabu yetu ilikamilika pande zote mbili.

Nilirudi Kawetele kwa kaka yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa na nililima, sikulalamika. Kilichonishinda ni wifi yangu kufunga kabati la sukari kila nilipoingia jikoni. Angenitukana ningemtukana tukamaliza, maana ulimi ninao. Lakini ule ufunguo mdogo ukizungushwa taratibu, huku anatabasamu, ulinidhalilisha kuliko tusi. Nikamwambia kaka nimepata chumba mjini. Akaamini, au aliona kuamini ni nafuu kwa kila mtu.

Jirani yangu wa meza ya pili pale sokoni alikuwa fundi miamvuli. Mzee Mwislamu, babu yake alikuja huku kutoka pwani kwa biashara ya nguo. Yeye alizaliwa hapahapa na Kinyakyusa chake kilinishinda mimi. Mvua zilikuwa zimeangusha ukuta wa chumba alichopanga, na ndugu hakuwa amebakiwa na hata mmoja. Tofauti na mimi, hakuficha kitu. Wafanyabiashara bado wanafunga mizigo yao, yeye anatandika mkeka, anaswali, analala, anakoroma mpaka paka wa soko wanahama. Nilimwonea aibu. Nilihisi ananianika. Siku moja nikamwambia, "Fundi, si ungesubiri giza liingie kwanza?"

"Bibie," akanijibu bila kufumbua macho, "mimi ni mgoni hata nisubiri giza?"

Kisha ikasikika kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja wilayani, na amri ikatoka, sijui kwa nani, kwamba mji usafishwe. Wakapaka chokaa mawe ya barabarani. Walipomaliza mawe wakaja kwetu. Ilikuwa alfajiri, blanketi nimekwisha kulikunja, mkoba uko begani. Mgambo wawili wakamwamsha fundi kwa mguu. Mimi nikajinyoosha nikasema, "Samahani, mimi ni msafiri, napita tu."

Yule mgambo kijana akanitazama. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo baya. "Mama, kila siku unasafiri, hufiki?"

Sikuwahi kupigwa kofi na mwanaume maishani mwangu, lakini nadhani ndivyo linavyokuwa. Masikio yalipata moto. Kumbe hata mgambo. Kumbe mji mzima ulikuwa unanitazama nikiigiza, na kwa adabu ukakaa kimya mpaka mwisho wa mchezo. Nilipanda gari lao bila kubishana. Mkoba wangu wakauchukua, na miamvuli ya fundi, mizima na mibovu, wakaifunga kamba kama kuni.

Kituoni tuliambiwa kosa letu ni uzururaji na kesho yake tutafikishwa mahakama ya mwanzo. Mchana akaja msaidizi wa kisheria, binti wa kujitolea, umri wa kuwa mwanangu. Aliniamkia shikamoo kupitia nondo, nikatamani ardhi inimeze. Alituuliza mambo kwa utaratibu, halafu akatueleza. Sheria ya uzururaji, alisema, haimkamati mtu kwa kukosa nyumba. Inamtaka mshitaki aonyeshe kwamba mlikuwa pale kwa nia mbaya, mwibe, mvunje, mfanye fujo. Kulala si nia mbaya. Na mali zenu ni mali zenu hata zikiwa kwenye mkoba mmoja.

"Ila mimi siruhusiwi kuwasemea mle ndani," akasema. "Mtasema wenyewe. Na lazima mseme wazi kwamba hamna pa kulala, na mlilala pale kwa sababu pana paa. Mkiona haya mkaanza kusema mlikuwa mnapita, ndipo mtaonekana mna la kuficha."

Fundi akacheka. "Mwambie huyu. Mimi sina haya, nina baridi tu."

Binti akaniuliza pia habari za Lufingo. Nilipomwambia nyumba tuliijenga wawili, akasema mjane ana haki ya kuidai na angenisaidia kufungua shauri. Nikamwuliza, "Nikasimame mbele ya baba mkwe wangu?" Akaniangalia, akafunga daftari lake. Alikuwa mtoto wa huku naye.

Jioni akaja kaka yangu, viatu vimejaa tope la Kawetele, macho mekundu. Sijui nani alimpelekea habari. "Umetuaibisha," akasema. "Basi. Kesho nitasimama niseme unakaa kwangu, ulilala mjini kwa kuchelewa gari. Yaishe."

"Na fundi?"

"Fundi ni nani kwetu?"

Binti wa sheria alikuwa hajaondoka. Akamwambia kwa heshima, "Mjomba, ukisema hivyo dada atatoka. Lakini hakimu akimwachia huyu kwa sababu ana kwao, asiye na kwao ndiye atakuwa mzururaji. Na dada akikutwa tena pale mezani, hakuna atakayemsikiliza."

"Hatakutwa," kaka akasema. Lakini hakusema nitakuwa wapi. Hakusema rudi nyumbani. Nilisubiri aseme, nikaona anaangalia tope la viatu vyake. Hata hivyo, na hili linanitia aibu kuliko meza ya viazi, niliamua kuushika uongo wake. Nilijiambia fundi ana ulimi wake, atajitetea. Mimi nilitaka tu nitoke mle ndani nikiwa bado mtu mwenye kwao.

Asubuhi mahakama ilikuwa imejaa. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ikinyesha Tukuyu kila mtu ana kesi ya jirani ya kusikiliza. Hakimu alikuwa mgeni, mtu wa Kanda ya Ziwa kwa lafudhi yake, pembeni yake wamekaa washauri wawili wa hapa, mzee mmoja na mama mmoja. Sisi tukawekwa kwenye benchi la mbele pembeni. Kaka alikuwa nyuma yangu, nikiusikia mguu wake ukicheza.

Walianza na fundi. Akasomewa kwamba alikutwa sokoni bila shughuli maalumu.

"Si kweli, mheshimiwa," akasema. "Shughuli nilikuwa nayo. Nilikuwa nimelala."

"Kulala ni shughuli?"

"Kwa umri wangu ni kazi kubwa."

Watu wakacheka, hata mshauri mama alificha mdomo. Fundi akaeleza habari ya ukuta ulioanguka na habari ya paa, maneno machache, kama mtu anayeeleza mwamvuli umevunjika wapi. Hakimu akaandika. Kisha wakaniita mimi.

Nilisimama nikageuka, nikawa nimewaelekea watu. Na pale benchi la pili, karibu na dirisha lililovunjika kioo, nikaiona ile fimbo. Sikuuona uso, sikuwa na haja. Baba mkwe wangu alikuwa amekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba.

Sikuamua lolote. Magoti yaliamua. Nilijikuta chini nyuma ya benchi, nimechuchumaa, khanga kichwani, mgongo kwa watu, hivyohivyo nilivyokuwa nachuchumaa majanini Lufingo nilipokuwa bi harusi.

"Mama, simama," hakimu akasema. Sikusimama. "Mama! Unaificha mahakama sura yako?" Akawageukia washauri. "Mtu asiye na hatia hafanyi hivi."

Nilisikia binti wa sheria akinyanyuka nyuma na karani akimwamuru akae. Nilimsikia kaka akisaga meno, maana yeye alijua. Nusu ya watu mle ndani walijua, ila hawakujua mkwe ni yupi. Niliona sakafu ya saruji, ufa mmoja mrefu, na matone kutoka kwenye nguo za watu. Nikafikiri, nitafungwa kwa heshima. Nitafungwa kwa adabu niliyofunzwa na mama yangu, na fundi atafungwa pamoja nami kwa sababu mimi siwezi kusimama.

Ndipo akakohoa.

Kile kikohozi nakijua kuliko sauti ya mtu yeyote aliye hai. Benchi likalia, fimbo ikagonga sakafu. Mzee alipita akiegemea ukuta wa mbali, uso kautazamisha ukutani, taratibu, kwa sababu miguu yake imezeeka, mpaka akatoka mlangoni. Alitoka ili niweze kusimama. Alifanya lililo wajibu wake, kama alivyolifanya siku zote. Na kwa kulifanya akauambia mji mzima, bila neno, kwamba huyu mwanamke anayelala sokoni ni mkamwana wake. Minong'ono ilipita mle ndani. Nilimwonea haya, na ninasema kweli, haya ya kumwonea yeye ilikuwa nzito kuliko ya kujionea mwenyewe. Nilijichukia kwa hilo. Mtu kakutoa kwenye nyumba uliyoijenga, halafu wewe ndiye unayemhurumia jina lake!

Mshauri mama aliinama akamnong'oneza hakimu. Hakimu akavua miwani, akaivaa tena. "Simama sasa, mama," akasema, kwa sauti nyingine. "Unaishi wapi?"

Kaka alikuwa wima kabla sijafungua kinywa. "Mheshimiwa, ni dada yangu wa tumbo moja. Anakaa kwangu, Kawetele."

"Ni kweli?"

Nikamtazama kaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba yetu, lile la kanisani, na alikuwa ananiomba kwa macho. Nikamtazama fundi. Yeye hakuniomba kitu, alikuwa anachokonoa ukucha. Dirisha lililovunjika lilitazama barazani, na kutoka huko nilisikia kikohozi tena, kidogo, cha mtu mwenye kifua kibovu tu. Alikuwa amekaa hapohapo nje. Kila neno langu lingemfikia. Mara ya kwanza maishani mwangu ningeweza kumwambia kitu baba mkwe wangu bila kuvunja mwiko, kwa sababu nilikuwa namwambia hakimu.

"Si kweli," nikasema. "Sikai kwa kaka. Nilikuwa na nyumba Lufingo, tulifyatua matofali mimi na mume wangu. Alipokufa niliambiwa niondoke. Sina nyumba. Nalala sokoni, kwenye meza ya viazi, kwa sababu pana paa. Mkoba ule si wa safari. Sijasafiri kwenda popote."

 Mficha uchi hazai, tunasema kila siku, lakini hakuna anayekwambia kwamba kuuonyesha nako si raha. Nilihisi niko uchi kweli. Nyuma yangu kaka aliketi taratibu kama mtu aliyekatwa miguu.

Hakimu akamgeukia mgambo. Akamwuliza alitukuta tunafanya nini. Mzee amelala, mama ndiyo kwanza ameamka, mheshimiwa. Kuna kitu kilichoibiwa? Hapana. Kufuli lililovunjwa? Hapana. Walikuwa na silaha yoyote?

Yule kijana akafikiri. "Miamvuli, mheshimiwa."

Safari hii hata hakimu alishindwa kujizuia. Alipomaliza kuteta na washauri alisoma uamuzi mfupi. Alisema sheria inamtafuta mwenye nia ya uovu, na mahakama haijaonyeshwa nia hiyo. Kukosa nyumba ni shida, si kosa. Tuko huru, wote wawili, na tukabidhiwe vitu vyetu vyote. Ilikuwa imekwisha. Binti wa sheria alinipungia mkono kule nyuma, machozi yanamtoka, nami sikuweza hata kumpungia.

Kaka alinipita mlangoni. "Umenivua nguo mbele za watu," akasema. Ilikuwa kweli. Alikwenda zake mvuani akiwa amelivua lile koti na kulibana kwapani lisilowe. Hatukuzungumza kwa muda mrefu, na hata sasa tunazungumza habari za mvua na mbolea tu.

Fundi alibaki kwa karani akibishania mwamvuli mmoja uliopungua. Mimi nilitoka nikitaka hewa. Nje kulikuwa na baraza nyembamba, benchi moja la mbao, na kando yake ukuta wa maji. Nilipofika kizingitini nikaiona fimbo. Nikarudi nyuma ya mlango, nikajibana, ila nilijua ameshaiona khanga yangu.

Hapo tukakaa, mzee na mimi, ubao wa mlango katikati. Sehemu kavu ilikuwa hiyo moja. Nilijua la kufanya, mkamwana ndiye anayetoka. Ningepita upande wa pili, nitokee mvuani, nimwachie paa, kama nilivyomwachia nyumba. Nilikwisha kuifunga khanga vizuri niondoke. Lakini masikio yangu bado yalikuwa na maneno ya hakimu, na miguu ikagoma. Nilisimama palepale. Sikukohoa, sikusogea. Kwa mara ya kwanza nilimwacha asubiri.

Alikohoa yeye. Halafu nikasikia fimbo ikishuka ngazi, moja, nyingine, na maji yakibadilisha sauti yalipomwangukia begani. Alikwenda bila mwamvuli, kichwa wazi, mzee wa umri ule, na kesi yake ya mpaka haijaitwa. Ningeweza kumpelekea mwamvuli mmoja wa fundi. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila nikilifikiria uso unapata moto, kwa kuwa sikumpelekea na kwa kuwa nilitaka kumpelekea.

Nilitoka nyuma ya mlango. Mkamwana hakai alipokaa baba mkwe wake, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Niliuweka mkoba chini, nikakaa kwenye benchi. Ubao ulikuwa bado una joto lake. Niliona aibu mpaka mifupani, na sikuinuka.